Ajali Haina Kinga, Akiba Haiozi: Kwa Nini Kingavirusi Pekee Haitoshi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Wahenga hao hao wakatuachia methali nyingine isemayo kuwa akiba haiozi. Methali hizi mbili hufundishwa mbalimbali, kila moja kwa maana yake, lakini zikiwekwa pamoja zinatoa funzo ambalo wengi wetu tunaotumia tarakilishi hatujalizingatia ipasavyo. Funzo lenyewe ni kwamba kwa kuwa hakuna kinga isiyopenyeka, mwenye busara hujikinga na papo hapo hujiwekea akiba.

Kisa kilichonisukuma kuandika makala haya kilinipata nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nimezuru kijiji kimoja cha pwani kukusanya nyimbo za bembezi. Bibi mmoja aliyepita umri wa miaka themanini alinikaribisha kwake kwa siku mbili, akaniimbia nyimbo saba alizofunzwa na nyanya yake. Nilizirekodi, nikazihamishia kwenye tarakilishi yangu ya mezani, kisha nikazifuta katika kinasasauti ili nipate nafasi ya kurekodi watu wengine. Sikuwa na hofu yoyote. Tarakilishi yangu ilikuwa na kingavirusi niliyoilipia na kuihuisha kila mara. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Asubuhi tarakilishi ilikataa kuwaka. Fundi aliifungua, akaipima, akaniambia kuwa diski imekufa na kwamba hawezi kuokoa chochote ndani yake. Miezi minne baadaye nilipopata nauli ya kurudi kijijini, bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yake alizikumbuka nyimbo tatu. Zile nne zilizosalia ninayo mistari yake ya kwanza tu, kwa sababu nilikuwa nimeinukuu daftarini.

Kingavirusi yangu haikuwa na lawama. Hakuna kirusi kilichoingia siku ile. Kosa lilikuwa langu, kwa kuitwika programu hiyo mzigo ambao haikuundwa kuubeba. Makala haya yananuia kueleza tofauti iliyopo kati ya kuilinda tarakilishi na kuilinda kazi iliyomo ndani yake, na kuonyesha kwa nini anayeitegemea tarakilishi kwa tasnifu, mswada au data za nyanjani hana budi kuyafanya yote mawili.

Istilahi na Maana Zake

Ni vyema tuanze na istilahi. Neno virusi lilipoingia katika Kiswahili, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, likazaa umoja wa kirusi. Katika taaluma ya tarakilishi, kirusi ni programu iliyoundwa kwa nia mbaya, inayojizalisha na kuenea kutoka mashine moja hadi nyingine. Kingavirusi ni programu inayovitafuta virusi hivyo, kuvizuia na kuviondoa.

Nakala ambayo mtumiaji huiweka kando kwa ajili ya siku ya msiba imepewa majina kadhaa, yakiwemo nakala rudufu na nakala ya akiba. Katika makala haya tunalipendelea jina la pili. Neno rudufu linaeleza tu kwamba kitu kimefanywa kuwa viwili. Mtu akiinakili tasnifu yake kutoka folda moja hadi nyingine katika tarakilishi ile ile, bila shaka ameirudufu, lakini hajajiwekea akiba, kwa kuwa mwizi atakayeichukua tarakilishi hiyo ataondoka na nakala zote mbili. Akiba huwekwa mahali ambapo janga la leo haliwezi kuifikia. Hakuna mkulima anayeiacha mbegu ya msimu ujao katika shamba ambalo nzige wanaweza kulivamia.

Kazi ya Kingavirusi na Mipaka Yake

Kingavirusi hufanya kazi kwa njia kuu mbili. Kwanza, huzilinganisha faili zilizomo katika tarakilishi na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Pili, hutazama mienendo ya programu zinazoendeshwa, na ikiona programu inatenda jambo la kutiliwa shaka, huisimamisha. Njia ya kwanza ina udhaifu ulio bayana: kirusi kilichozaliwa leo hakimo katika orodha ya jana. Njia ya pili nayo ni ya kukisia, na akisiaye huweza kukosea kwa kumwacha mhalifu apite au kwa kumkamata asiye na hatia.

Hata hivyo, mpaka mkubwa zaidi wa kingavirusi hautokani na udhaifu huo. Unatokana na jukumu lake lenyewe. Kingavirusi ni bawabu. Kazi ya bawabu ni kumzuia mwizi mlangoni au kumtoa nje akishaingia. Kuvirudisha vyombo ambavyo mwizi amekwisha kuvivunja si kazi ya bawabu. Vivyo hivyo, kingavirusi inaweza kukiondoa kirusi katika tarakilishi, ikaiacha mashine safi kabisa, ilhali sura ya tatu ya tasnifu haipo tena.

Mikasa Iliyotufundisha

Historia ya tarakilishi imejaa mifano ya ukweli huu. Mnamo Mei 2000, kirusi kilichojulikana kama ILOVEYOU kilianzia Ufilipino na kuenea duniani kupitia barua pepe zilizojidai kuwa za mapenzi. Aliyekifungua kiambatisho chake alikipa kirusi hicho ruhusa ya kujituma kwa kila aliyekuwamo katika orodha yake ya anwani. Aidha, kirusi hicho kilizitafuta faili za picha na kujiandika juu yake. Kampuni za kingavirusi ziliitambua alama yake upesi na kuwawezesha wateja wao kukiondoa. Lakini picha ambazo zilikuwa zimekwisha kuandikwa juu hazikurudi kwa kuondolewa kwa kirusi. Zilimrudia yule tu aliyekuwa na nakala yake pengine.

Miaka kumi na saba baadaye uhalifu huu ulikuwa umegeuzwa biashara. Mnamo Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilizivamia tarakilishi katika zaidi ya nchi 150. Kilizifunga faili kwa usimbaji, yaani kiliziandika upya kwa fumbo lisiloweza kufumbuliwa bila ufunguo, kisha kikamdai mwenye tarakilishi dola 300 za Marekani, zilipwe kwa sarafu ya Bitcoin. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Ikumbukwe kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa na kirusi hicho tangu Machi mwaka huo. Waliokuwa wamehuisha mifumo yao walisalimika, jambo linalothibitisha kwamba kinga ina umuhimu wake. Lakini kwa waliochelewa, hakuna kingavirusi iliyoweza kulifumbua fumbo lile. Mwenye akiba alifuta kila kitu na kuanza upya. Asiyekuwa nayo alibaki kubahatisha kama mtekaji atatimiza ahadi yake.

Mkasa unaomhusu Mwafrika kwa karibu zaidi ulitokea mwezi uliofuata. Mnamo Juni 27, 2017, kirusi kilichopewa jina la NotPetya kilienea kutoka Ukraine, kikipitia masasisho ya programu moja ya uhasibu iliyotumiwa na kampuni nyingi nchini humo. Miongoni mwa walioathirika ni Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake huonekana kila siku katika bandari ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na nakala za data zake nyingi. Lakini kulikuwa na aina moja ya seva, zile zinazotunza ramani ya mtandao mzima na kuamua nani aruhusiwe kuingia wapi, ambazo zilikuwa takriban 150 na ziliundwa ili kila moja iwe nakala ya mwenzake. Kwa kuwa zote ziliunganishwa, zote zilifutwa kwa pamoja. Moja tu ilinusurika, nayo ilikuwa Ghana. Haikunusurika kwa sababu ya kingavirusi. Ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na hivyo seva hiyo haikuwa kwenye mtandao kirusi kilipopita. Data zake zilisafirishwa kwa ndege kupitia Nigeria hadi Uingereza, na kutokana nazo mtandao wa kampuni hiyo ukajengwa upya. Umeme ulioniharibia mimi nyimbo za bibi ndio uliowaokoa wao. Funzo la kisa hiki ni kwamba nakala 150 zilizounganishwa zilikuwa na thamani ndogo kuliko nakala moja iliyotengwa.

Isitoshe, bawabu mwenyewe anaweza kumjeruhi mwenye nyumba. Mnamo Aprili 21, 2010, kingavirusi ya McAfee iliihuishwa kwa orodha yenye kosa, ikaidhania faili halali ya Windows XP kuwa kirusi, na tarakilishi nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Mnamo Julai 19, 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliziangusha tarakilishi zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft. Katika mkasa huo wa pili faili za watu hazikufutwa, lakini wenyewe hawakuweza kuzifikia. Aliyekuwa na nakala ya kazi yake nje ya tarakilishi iliyoanguka aliweza kuazima nyingine na kuendelea.

Hasara Zisizotokana na Virusi

Kufikia hapa tumezungumzia uhalifu na makosa ya programu. Fauka ya hayo, kuna maafa ambayo hayana uhusiano wowote na virusi, na haya ndiyo yanayomwandama mwanafunzi wa kawaida. Diski huchakaa na kufa kama chombo chochote chenye umri wake. Kipakatalishi huibwa matatuni au bwenini. Chai humwagika juu ya kibodi. Flashi husahauliwa katika duka la kupiga chapa. Tena kuna kosa la mkono, ambapo mwandishi aliyechoka huifungua sura ya nne, akafuta yaliyomo ili aitumie kama kiolezo, kisha akaihifadhi kwa jina lile lile. Kingavirusi itayatazama yote haya bila kupiga kelele, kwa sababu mbele yake hakuna kosa lililotendeka.

Moto nao haubagui. Mnamo Septemba 2, 2018, Makumbusho ya Kitaifa ya Brazil yaliyoko Rio de Janeiro yaliteketea. Pamoja na vitu vingine vya thamani, ziliungua kumbukumbu za lugha za wenyeji wa nchi hiyo, zikiwemo rekodi za sauti za lugha ambazo hazina tena wasemaji. Sisi wanafunzi wa lugha hatuna haja ya kuelezwa uzito wa hasara hiyo. Kitabu kilichochapishwa kinaweza kununuliwa tena. Sauti ya msemaji wa mwisho haipatikani popote.

Sifa za Nakala ya Akiba Inayoaminika

Je, ni nakala ya aina gani inayostahili kuitwa akiba? Wataalamu wengi hutumia kanuni ya tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh. Kanuni hiyo inataka kuwe na nakala tatu za kila kazi, pamoja na ile inayotumiwa. Ziwe katika vyombo vya aina mbili. Na moja kati yake iwe mahali pengine mbali na zile nyingine. Kwa mwanafunzi, nakala ya kwanza ni iliyomo katika kipakatalishi, ya pili ni iliyomo katika diski ya nje, na ya tatu ni iliyoko katika hifadhi ya mtandaoni au katika diski iliyoachwa nyumbani kwa jamaa. Baada ya mikasa ya mwaka 2017, yafaa tuongeze sharti jingine: angalau nakala moja iwe imechomolewa. Diski ya nje inayoachwa imechomekwa mchana na usiku itafungwa na kirusi pamoja na tarakilishi.

Hapa ni muhimu kuondoa dhana moja potofu. Wengi huamini kuwa huduma ya mtandaoni inayooanisha faili kati ya simu na tarakilishi ni akiba iliyokamilika. Kuoanisha ni kuhakikisha kwamba kinachotendeka hapa kinatendeka na kule. Ukiifuta faili hapa, itafutwa na kule. Kirusi kikiifunga hapa, faili iliyofungwa itapelekwa kule. Huduma nyingi hutunza matoleo ya awali kwa muda fulani, na jambo hilo limewaokoa wengi, lakini mtumiaji anapaswa kujua muda huo ni upi kabla ya kuutegemea.

Sifa ya mwisho, ambayo hupuuzwa kuliko zote, ni kujaribiwa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Mnamo Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti, faili zipatazo milioni 34 za makundi 14 ya watafiti. Kilichozifuta hakikuwa kirusi. Ilikuwa hitilafu katika programu yenyewe ya kuhifadhi nakala. Makundi manne kati ya hayo hayakuweza kurudishiwa data zake. Ikiwa chuo chenye tarakilishi kuu na mafundi wa kuajiriwa kilifikwa na hayo, sembuse mwanafunzi mwenye flashi moja? Hivyo basi, kila baada ya muda, ichukue nakala yako ya akiba, ifungue katika tarakilishi nyingine, usome kurasa mbili tatu, usikilize rekodi moja hadi mwisho. Hapo ndipo utakapojua kama una akiba au una diski tupu.

Kuwa na nakala nyingi kunaleta wajibu pia. Data za nyanjani hubeba majina, sauti na siri za watu waliotuamini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayezitunza habari za watu azilinde. Kwa hiyo, nakala inayotoka nje ya mkono wako ifungwe kwa nywila, na nywila hiyo iandikwe mahali salama. Nakala iliyofungwa kwa nywila iliyosahauliwa ni sawa na nakala iliyopotea.

Somo kutoka kwa Miswada Yetu

Huenda ikadhaniwa kuwa haya ni mambo mapya kwetu. La hasha. Fasihi ya Kiswahili tunayoisoma leo imetufikia kwa sababu ya nakala. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, hayakuchapishwa katika uhai wake. Yaliishi katika vichwa vya watu wengi wa mji ule. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa walioyakumbuka, na mmisionari Mwingereza William Taylor akayanukuu. William Hichens akachapisha diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mwaka 1979. Lau mashairi hayo yangekaa katika kichwa kimoja, au katika karatasi moja ndani ya sanduku moja, mchwa na kifo vingetosha kuyamaliza.

Aidha, wahakiki wa miswada wametufunza kutoiamini nakala pasipo kuichunguza. Anayetaka kuuhariri utenzi wa kale huziweka nakala zake pamoja, akalinganisha ubeti kwa ubeti, kwa kuwa anajua mnakili huruka mshororo na wino hufifia. Desturi hiyo ya kulinganisha ndiyo tunayotakiwa kuitumia kwa nakala zetu za kielektroniki. Mwanafunzi wa Kiswahili, kwa hivyo, haingii ugenini anapojiwekea akiba. Anaendeleza kazi ya wanakili wa Pate, Lamu na Mombasa.

Hitimisho

Katika makala haya tumeeleza kwamba kingavirusi na nakala ya akiba zina majukumu tofauti. Kingavirusi hupunguza uwezekano wa msiba kutokea, ilhali akiba huamua ni kiasi gani kitakachosalia msiba ukishatokea. Anayeacha kingavirusi kwa kuwa ana akiba atasumbuka kila wiki kuisafisha tarakilishi yake, na atavieneza virusi kwa wenzake. Anayeacha akiba kwa kuwa ana kingavirusi anasubiri tu siku yake. Tunapendekeza kwamba idara za Kiswahili ziweke utaratibu wa kupokea na kutunza nakala za data za nyanjani za wanafunzi wao, kwa idhini ya waliorekodiwa, na kwamba wasimamizi wa tasnifu wawaulize wanafunzi wao kuhusu nakala kama wanavyowauliza kuhusu mbinu za utafiti.

Kwa upande wangu, nyimbo tatu nilizoimbiwa na binti ya bibi yule nimezihifadhi katika diski mbili, moja yake ikiwa mbali na nyumbani kwangu, na katika hifadhi ya mtandaoni. Nakala nyingine iko katika simu ya binti huyo mwenyewe, kwa kuwa nyimbo ni zake. Kila likizo huzifungua na kuzisikiliza. Zile nne nyingine ningali nazitafuta, nikienda na daftari lenye mistari yake ya kwanza, nikiuliza kila ninayekutana naye kama anajua unaofuata.